Musi Mwenye Manyoya Machakavu

Wewe uliyefuga ng'ombe wamjua kupe. Lakini je, wajua ya kuwa kupe aweza kumvua mnyama nguo yake katikati ya baridi kali?

Katika misitu ya Kanada na kaskazini ya Marekani yuko mnyama aitwaye musi. Ni mrefu kuliko farasi, na dume ana pembe pana kama makasia. Manyoya yake mazito ndiyo blanketi lake theluji inapoanguka. Baridi ikiisha huyapukutisha, akaota mapya, na siku hizo huonekana mchakavu kama kuku anayenyonyoka. Hilo si neno. Bali ukimwona mwezi wa Machi, theluji ingali chini, naye ana mabaka na ngozi tupu mabegani, ujue ameliwa na kupe.

Kupe huyo humpata mnyama tangu Septemba hata Novemba. Watoto wake, wadogo mno, hukwea vichaka wakashikana miguu mafungu mafungu, wakingoja. Musi akipita, mmoja akimdaka, wenzake huvutwa pamoja naye. Hawashuki tena mpaka wameshiba, karibu na Aprili. Watafiti wamehesabu zaidi ya kupe 40,000 juu ya ndama mmoja! Naye musi, masikini, hajui kujisafisha mapema. Huanza kujisugua mitini na kujiuma wakati kupe wamekwisha kunenepa. Nywele hukatika, yakabaki mashina meupe, hata wenyeji humwita musi mzuka.

Mkubwa huenda akapona. Ndama damu humwishia. Huko New Hampshire na Maine, miaka ya 2014 hadi 2016, katika kila ndama kumi waliofuatiwa na watafiti, saba hivi walikufa kabla majani hayajachipua. Zamani theluji iliwahi kuwafukuza kupe vichakani. Sasa huchelewa, nao hupata siku nyingi za kuwinda.

Sisi tunao josho. Nani atampeleka musi joshoni? Mwaka 2021 serikali ya jimbo la Maine ilianza kutoa vibali zaidi vya kuwinda majike katika sehemu moja, ili musi wapungue na kupe wakose pa kupanda. Ni dawa chungu, kuua mama wa huyu ili ndama wa yule aishi. Mimi kazi yangu ni kuandika makaratasi, lakini vibali vile nisingependa kuviandika.