Ramli ya Mabepari Viwanjani

Kila mwaka, kabla ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu ya Marekani haijaanza mwezi Oktoba, hujitokeza wapiga ramli waliovaa suti. Timu 30 hazijacheza hata mchezo mmoja kati ya michezo yao 82, nao wamekwisha kutangaza zitakazoingia katika mtoano na itakayotwaa ubingwa!

Mwaka 2021 Los Angeles Lakers walimchukua Russell Westbrook aungane na LeBron James na Anthony Davis. Wabashiri wengi wakaiweka timu hiyo mbele katika Kanda ya Magharibi. Ilishinda michezo 33, ikashindwa 49; mtoano ikausikia redioni.

Je, waliona haya? Hata kidogo. Oktoba iliyofuata walirudi na ramli mpya, maana ramli ni bidhaa. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua sheria iliyozuia majimbo kuhalalisha kamari ya michezo. Mwaka huo huo ligi ikafunga mkataba na kampuni ya kasino. Mtabiri, basi, ni mpiga debe tu. Anayeweka dau Oktoba hajui ni goti la nani litakaloteguka Januari.

Na vibanda vya kamari vya mijini kwetu vinauza ramli hiyo hiyo. Ndugu zangu walimu, nimewasikia baadhi yenu mkibishana juu yake, mshahara ukiwa haujamaliza wiki.