Ghala la Vijidudu ni Mali ya Umma



Wako watu wasemao kwamba kutumia fedha za serikali kutunza vijidudu katika chupa ni upuuzi, kazi hiyo waachiwe wafanya biashara. Mimi napinga, na sababu zangu ni hizi.

Hapa Misikhu wengi wetu twaishi kwa mshahara na shamba pamoja. Bei ya mbolea ikiushinda mshahara, maharagwe ndiyo yalishayo watoto. Ng'oa mharagwe wenye afya, utaona vinundu mizizini. Ndani yake mna vijidudu viitwavyo rizobia. Hivyo huchukua naitrojeni ya hewani, nayo ni sehemu 78 katika kila 100 za hewa, vikaulisha mmea. Naitrojeni ndiyo tununuayo kwa gunia.

Lakini kijidudu cha soya si cha maharagwe. Kwa hiyo katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Nairobi, huko Kabete, kilifungua kituo cha MIRCEN katika mpango wa UNESCO, kukusanya aina mbalimbali, kuzijaribu na kuzitunza. Hapo ndipo ilipotoka BIOFIX, unga wenye vijidudu wa kupaka mbegu, ambao baadaye kampuni ilipewa ruhusa ya kuutengeneza na kuuuza.

Biashara si dhambi. Lakini mfanya biashara hutunza kinachouzika. Nani atatunza kijidudu cha njugu mawe, kisicho na soko leo, ila kesho chaweza kutakiwa? Sisi watu wa reli twajua kwamba kipuri cha injini chaweza kungoja stoo miaka kumi. Kijidudu ni kitu hai. Chataka baridi, umeme, na mtu wa kukiangalia asubuhi na jioni. Mtu huyo akikosa mshahara, ghala hufa bila kelele, na aina iliyopotea hainunuliwi popote.

Basi tudai mambo matatu. Kwanza, fedha za ghala hili zitengwe kila mwaka katika makadirio ya serikali, zisingoje wafadhili. Pili, watunzaji wake waajiriwe kazi ya kudumu. Tatu, mkulima afundishwe kwamba udongo wenye asidi wataka chokaa kwanza, ama vijidudu vitakufa bure.

Wazee walisema akiba haiozi. Akiba hii huoza, ikikosa mtunzaji aliyelipwa.

Umoja ni nguvu.

Mfanya kazi wa Reli, Misikhu