Gesi ya Ziwa Kivu: sisi wachimbaji tuulize nini?

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama na watoto munaotungojea nyumbani, leo tuache kidogo bei ya koltani, tuongee juu ya ziwa letu. Januari 2023 serikali ilitaja makampuni yaliyopata bloku tatu za gesi ndani ya Kivu: Makelele, Idjwi na Lwandjofu. Kazi ikianza, itakuwa ni kuchimba kama kwetu, ila shimo lake ni maji.

Maji ya Kivu yamepangana tabaka juu ya tabaka, mpaka mita 485. Ya chini yako na moto kidogo, chumvi nyingi na gesi. Ya juu ni mepesi. Moto ungeyapandisha, lakini uzito wa chumvi na wa gazi karboniki unayashika pale chini. Ndivyo kilometa za ujazo karibu 300 za gazi karboniki na 60 za metani zinabaki zimefungwa.

Hewa hiyo tunaijua. Ndiyo mazuku inayoua mbuzi na watu pembeni ya Goma. Kule Kameruni, tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilivurugika, gesi ikapanda, watu karibu 1.700 wakakufa.

Hatusemi Kivu italipuka kesho. Mei 2021 Nyiragongo ililipuka, moto wa chini ya ardhi ukapita chini ya muji mpaka upande wa ziwa, sisi tukakimbilia Sake na Rwanda. Tabaka zilishika. Tena gesi ikitolewa vizuri, hatari inapungua.

Shida iko kwenye kurudisha maji. Bomba linavuta maji ya chini, gesi inatoka kama povu ukifungua chupa ya Primus. Maji yanayobaki bado ni mazito. Ukiyamwaga juu sana, yatashuka yakivuruga yote njiani, na sambaza zetu zitaumia. Kizito juu ya chepesi hakitulii. Hata Livermore, Marekani, wataalamu wanaobana kidonge cha hidrojeni kwa leza 192 wanapambana na muvurugano wa namna hiyo.

Rwanda inatoa tayari umeme kwa gesi hii, na mupaka haugawanyi tabaka. Kwa hiyo sisi wa sendika tunauliza mambo matatu. Mukataba unasema maji yatarudishwa mita ngapi? Tusomewe kwa Kiswahili. Nani atapima ziwa kila mara? Watu wa Observatoire ya Volkano wapewe vyombo na mushahara. Na vijana wetu watapata kazi na umeme, ao harufu tu?

Kila muchimbaji anajua: nguzo ya shimo haiondolewi, hata kama imejaa madini. Zile tabaka ndizo nguzo za Goma.