Kipenga kimelia, shabiki anarudije hotelini?

JIONI ya Januari 4, 2026 pale Rabat, Taifa Stars ilimaliza safari yake ya AFCON kwa kufungwa bao 1-0 na wenyeji Morocco. Bao la Brahim Diaz lilitosha. Lakini kwa shabiki wa Tanzania aliyekuwa jukwaani Uwanja wa Prince Moulay Abdellah, kipenga cha mwisho kilifungua mechi nyingine: kurudi alikofikia.

Na hiyo ndiyo mechi ambayo shabiki yeyote anayesafiri na timu yake anaijua. Nje kuna maelfu ya watu. Barabara za jirani zimefungwa. Simu imebaki na chaji kiduchu na mtandao unasuasua kwa sababu kila mtu anatuma picha. Anafungua programu ya teksi mtandao kama anavyofanya akiwa Sinza au Buruburu, halafu anagundua kwamba kitu chepesi nyumbani kinaweza kuwa mtihani ugenini.

Morocco wameshamaliza zamu yao. AFCON ya 2027 inakuja Kenya, Tanzania na Uganda, kwa jina la Pamoja. Mengi yanazungumzwa kuhusu viwanja, nyasi na taa. Kuhusu namna mgeni atakavyotoka uwanjani saa 5:00 usiku, kelele ni ndogo. Wakati ukweli ni kwamba mgeni akirudi kwao, nyasi hazikumbuki sana. Anachokumbuka ni zile saa mbili za baada ya mechi.

RABAT MOJA, VIWANJA VINNE

Ratiba ya Stars kule Morocco ni somo tosha. Ilianzia Fes ikalala 2-1 kwa Nigeria. Ikahamia Rabat: sare ya 1-1 na Uganda Uwanja wa Al Medina Desemba 27, sare nyingine ya 1-1 na Tunisia Uwanja wa Olimpiki Desemba 30, kisha Morocco pale Prince Moulay Abdellah. Viwanja vitatu tofauti, mji mmoja, ndani ya siku tisa. Na Rabat ilikuwa na viwanja vinne vya mashindano, huku ule wa Olimpiki ukiwa ubavuni mwa Prince Moulay Abdellah.

Mgeni akiandika tu 'uwanja, Rabat' kwenye simu anaweza kushushwa kusiko. Dereva hana kosa, kafuata alama ya ramani.

Dar es Salaam ina mtego wake. Uwanja wa Benjamin Mkapa una majina kibao mtaani. Wapo wanaoendelea kuuita Uwanja wa Taifa, ingawa jina lilibadilishwa 2020. Wengine ni 'Kwa Mkapa', wengine 'Lupaso'. Pembeni yake kuna Uwanja wa Uhuru. Mbongo hapotei hapo. Lakini shabiki aliyetoka Dakar au Cairo ataandika jina lililo kwenye tiketi yake, na dereva atamjibu kwa jina analolijua yeye. Nairobi nako kuna Kasarani, Nyayo na Talanta unaojengwa. Ni viwanja vitatu katika jiji ambalo foleni yake haina mjomba.

VITA YA TEKSI

Shabiki aliyekwenda Morocco akitegemea simu yake alikutana na jambo ambalo vipeperushi vya utalii havisemi: teksi mtandao kule zipo, lakini sheria haijazikubali sawasawa. Uber iliingia 2015, ikafungasha virago Februari 2018 ikilalamikia utata wa kanuni. Nyingine, kama inDrive ambayo abiria anataja bei yake na dereva anakubali au anagoma, zimeendelea na wateja wake ni wengi.

Wenye teksi za kawaida hawafurahii. Ili kuendesha teksi Morocco lazima kuwe na kibali maalumu, na madereva wengi hukodi vibali hivyo kwa watu wengine. Mtu anayelipa kodi ya kibali kila mwezi akimuona kijana na gari binafsi anabeba abiria kwa simu, damu inachemka. Magari ya mtandao yamekuwa yakiviziwa, na mengine yakikamatwa na polisi. Ndiyo maana dereva wa mtandao kule anaweza kumwomba abiria akae kiti cha mbele kama rafiki yake, au amfuate kona ya pili mbali na kituo cha teksi.

Kwa mgeni, hiyo ni hatari asiyoijua. Anajiona amepata usafiri wa bei poa, kumbe ameingia katikati ya ugomvi wa watu.

Mbadala wake ni teksi ndogo, ambazo kila mji una rangi yake: Casablanca nyekundu, Rabat bluu. Zina mita, lakini hazibebi zaidi ya abiria watatu na hazitoki nje ya mji. Kuanzia saa 2:00 usiku nauli inapanda kwa asilimia 50, kihalali kabisa. Marafiki wanne waliovaa jezi moja wanagawanyika magari mawili. Asiyejua hayo anadhani anaibiwa, na ugomvi unaanza.

Afrika Mashariki haina ubavu wa kumcheka Morocco. Nairobi mwanzoni mwa 2016, madereva na magari ya Uber walishambuliwa na wenye teksi waliodhani wanaporwa riziki. Mwaka 2024 ugomvi ukageuka, safari hii madereva wa mtandao wenyewe wakagomea kampuni kwa nauli ndogo, na wengine wakaanza kutumia orodha ya bei zao. Abiria anaona bei moja kwenye simu, dereva anamtajia nyingine. Mkenya anajua namna ya kuongea naye wakaelewana. Mgeni anabaki ameduwaa.

SIMU INAYOPIGWA

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji hawalioni kwa sababu wamelizoea. Teksi mtandao ya Dar, Nairobi au Kampala haiendeshwi na programu peke yake. Inaendeshwa kwa kupigiana simu.

Dereva akipokea ombi, anapiga. "Bosi upo wapi? Unaelekea wapi? Unalipa keshi?" Majibu yakimridhisha anakuja. Yasipomridhisha anaomba abiria ndiye afute safari. Wenyeji wanaona ni kawaida.

Sasa mgeni wa leo anatua uwanja wa ndege akiwa na laini ya kidijitali aliyonunua kwao, yenye bando la intaneti tu, bila namba ya hapa. Dereva anapiga, namba haipatikani au inapita kwa gharama za kimataifa. Hata ikipokewa, mmoja anaongea Kiswahili na mwingine Kifaransa au Kiarabu. Safari inafutwa. Inaombwa nyingine, nayo inafutwa. Dakika 40 zimekwenda na mtu bado yuko getini.

Laini ya nyumbani inapatikana, lakini Tanzania usajili wake ni wa alama za vidole, na mgeni lazima awe na pasipoti yake. Akiliacha jambo hilo hadi siku ya mechi, amechelewa.

Halafu kuna upande wa barabara. Morocco, Senegal, Nigeria, Misri, zote magari yanapita kulia. Kenya, Tanzania na Uganda yanapita kushoto. Mgeni anasimama upande usio wake akisubiri gari, anavuka akiangalia upande usio wake, anafungua mlango wa dereva akidhani ni wa abiria. La mwisho linachekesha. La kuvuka barabara usiku, pembeni ya Mandela Road au Thika Road, halichekeshi hata kidogo.

SHILINGI TATU

Nchi tatu za Pamoja zote zinatumia kitu kinachoitwa shilingi. Ni jina tu. Shilingi moja ya Kenya inabeba karibu shilingi 20 za Tanzania na zaidi ya 25 za Uganda. Shabiki anayetoka Nairobi akiambiwa Dar kwamba nauli ni 'elfu kumi na tano' anaweza kupaliwa, kumbe kwa hesabu za kwao haifiki hata elfu moja. Na anayekwenda kinyume, kutoka Dar hadi Nairobi, akisikia 'elfu moja tu' anaweza kuitikia haraka kabla hajapiga hesabu.

Dola haimwokoi. Tangu 2025 kanuni za Tanzania zinakataza malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo dereva anayepokea dola getini pale Temeke anajiweka pabaya yeye na mteja wake.

Pesa za simu nazo zina mpaka. M-Pesa ya Safaricom na M-Pesa ya Vodacom zina jina moja, lakini ni akaunti za nchi mbili. Kadi ya benki inakubalika kwenye programu, ila madereva wengi wanataka keshi ili wasisubiri kampuni iwalipe. Mgeni mwenye kadi pekee ndiye wa kwanza kufutiwa safari.

KANUNI TATU

Juu ya yote hayo, kila nchi ina sheria zake. Kenya iliweka kanuni mwaka 2022 kwamba kampuni isimkate dereva zaidi ya asilimia 18. Tanzania mwaka huohuo LATRA iliweka kikomo cha asilimia 15. Uber ikasitisha huduma Aprili, ikarejea Januari 2023 baada ya kikomo kupandishwa hadi asilimia 25. Uganda mfalme ni bodaboda, na SafeBoda ilizaliwa palepale Kampala ikiwavalisha madereva na abiria kofia ngumu.

Kilichotokea 2022 kina funzo kwa 2027. Kampuni za teksi mtandao si watumishi wa mashindano. Kanuni zikizibana zinaweza kuzima huduma, na hakuna kamati ya maandalizi itakayoziamuru ziwashe.

Hapo ndipo penye ugumu wa nauli ya siku ya mechi. Watu wengi wakiomba magari kwa pamoja, programu inapandisha bei. Shabiki anaona ni unyonyaji. Dereva anaona ndiyo sababu pekee ya kutoka nyumbani na kuingia kwenye foleni ya Kwa Mkapa. Serikali ikiweka kikomo kidogo mno, bei itakuwa nzuri kwenye karatasi na magari hayatakuwepo. Ikiacha iende inavyotaka, mgeni atakamuliwa hadi asirudi tena. Kikomo kinahitajika, ila kiwekwe kwa kukaa mezani na madereva wenyewe, na kitangazwe mapema.

HESABU HAIDANGANYI

Kwa Mkapa wanaingia watu 60,000. Tuseme mmoja kati ya kumi ndiye anataka teksi mtandao, na kila gari linabeba watatu. Hayo ni magari 2,000 yanayotaka kufika mahali pamoja ndani ya saa moja. Haiwezekani, hata madereva wawe malaika.

Ndiyo maana Qatar 2022 walimpa mwenye kadi ya Hayya usafiri wa metro bure, teksi zikabaki msaada tu. Afrika Mashariki haina metro, lakini Dar ina njia ya mwendokasi inayopita Kilwa Road, na Nairobi ina matatu zinazojua Thika Road kuliko ramani yoyote. Mabasi yabebe umati. Teksi mtandao ibaki kwa kipande cha mwisho, kutoka kituo kikubwa hadi hotelini.

Kwa teksi zenyewe, mambo manne yanawezekana bila kujenga hata ukuta mmoja. Kwanza, kila uwanja uwe na sehemu rasmi za kuchukulia abiria, nje ya barabara zilizofungwa, zenye namba kubwa zinazoonekana na zilizoandikwa kwenye tiketi. Mgeni akisema 'namba nne', dereva hana haja ya kupiga simu. Pili, jina moja la uwanja litumike kwenye tiketi, kwenye ramani na kwenye programu. Tatu, laini na fedha za hapa zipatikane uwanja wa ndege bila foleni ya nusu siku. Nne, LATRA, NTSA ya Kenya na wenzao wa Uganda wakubaliane kikomo cha nauli za siku za mechi kabla mashindano hayajafika.

Shabiki naye ana kazi yake, awe anakwenda au anakuja. Ahifadhi picha ya anwani ya hoteli, intaneti ikikata awe na cha kuonyesha. Alinganishe namba ya gari na iliyo kwenye simu kabla ya kupanda. Asikubali kufuta safari kwenye programu ili alipe pembeni, kwa sababu likitokea lolote hakuna kumbukumbu kwamba alipanda. Awe na noti ndogo. Na akiweza, atembee na wenzake dakika 15 kutoka uwanjani kabla ya kuomba gari. Bei inashuka na dereva anafika.

CHAN ya Agosti 2025 ilionyesha kwamba nchi tatu zinaweza kuandaa mashindano kwa pamoja hadi fainali ya Kasarani. Lakini CHAN ilikuwa mazoezi. AFCON inaleta watu wasiojua njia, wasiojua lugha, wasio na mjomba Tandika wa kuja kuwachukua.

Watakaa pembeni ya barabara na simu mkononi kama Watanzania walivyokaa Rabat. Wenyeji ndio wataamua kama gari linakuja.