Kongo: si makabila tu, wala si CIA peke yake

Kila tukiigusa Kongo kwenye kipindi, tunapata meseji za aina mbili. Wapo wanaosema ni makabila, wamezoea kupigana. Halafu wapo akina mjomba, ambao kwao kila kitu ni CIA, hata mvua isiponyesha. Mimi nasema wa kwanza wamekosea kabisa na wa pili wamekosea nusu.

Anzeni na madini. Urani ya bomu lililopiga Hiroshima mwaka 1945, sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, kule Katanga. Yaani Kongo haijapata hata uhuru, na Washington tayari inaiona kama shimo lisilotakiwa kuangukia mikononi mwa Warusi. Shika hilo, mengine yataeleweka.

Uhuru ulikuja 30 Juni 1960. Katanga ikajitenga, Umoja wa Mataifa ukasitasita kuirudisha, Lumumba akaomba msaada Moscow. Agosti hiyohiyo Allen Dulles, mkuu wa CIA, akawaandikia watu wake Léopoldville kwamba kumwondoa Lumumba ni jambo la haraka. Septemba mkemia wao, Sidney Gottlieb, akapeleka sumu mwenyewe. Hizi si porojo za kijiweni. Kamati ya Church ya Seneti ya Marekani iliyaandika mwaka 1975, na ripoti yake iko wazi kwa yeyote.

Lakini sumu ile haikutumika, na hapa ndipo mjomba anaporuka ukurasa. Lumumba alikamatwa na askari wa Mobutu, akapelekwa Katanga, akapigwa risasi 17 Januari 1961 na watu wa Tshombe, maofisa wa Kibelgiji wakiwepo. Mobutu alikuwa akipokea pesa za CIA, sawa. Ila wapo Wakongomani waliofanya kazi hiyo kwa hiari yao, na kuwasahau ni kuwafanya watu wetu watoto.

(Mnajua Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutokea Kigoma mwaka 1965, kuwasaidia waasi? Wenzake walipewa majina ya Moja, Mbili... yeye akawa Tatu. Kiswahili chetu kilikuwa humo.)

Kosa kubwa la Marekani, kwangu mimi, lilikuja baada ya sumu. Mobutu alitwaa nchi Novemba 1965, akakaa mpaka Mei 1997. Nixon, Reagan na Bush mkubwa wote walimkaribisha White House. Kila aliyeuliza habari za wizi aliambiwa: bila yeye, wakomunisti. Vita baridi vilipoisha akawa hana kazi tena, wakamtupa. Nchi ikabaki na jeshi lisilolipwa na serikali ya jina tu, na moto wa Rwanda ukavuka mpaka.

Sasa tazameni 27 Juni 2025. Kongo na Rwanda zimetia saini mkataba Washington, na madini yako katikati ya mazungumzo. M23, walioiteka Goma Januari mwaka huohuo, si sehemu ya saini hizo. Amani naitaka, tena leo. Ila nikisikia Marekani inataka utulivu kwa ajili ya madini, nakumbuka utulivu wa Mobutu.

Wenye pasipoti ya Marekani, mbunge wako ana simu ofisini. Mpigie, umuulize mchimbaji wa kule Kivu anapata nini kwenye mkataba huo.