Wastani Unatucheza, Watu wa Tana

Mafuriko yakipiga Garsen, kama yale ya mwisho wa 2023 na ya 2024, hukosi mtu wa kupost chati: wakulima walingoja msaada siku kadhaa, wafugaji kadhaa, wavuvi wa Kipini kadhaa, wastani unakaribiana, basi hakuna aliyeonewa. Mimi nasema hiyo chati ni upuzi. Chuo niliacha, sawa, lakini kuhesabu sikuacha.

Cheki huu mfano, namba ni zangu za kufundishia tu. Nyumba tano kila kundi, siku za kungoja:

Wakulima: 11, 12, 13, 14, 15. Wastani 13.
Wafugaji: 2, 3, 4, 5, 56. Wastani 14.
Wavuvi: 6, 7, 8, 9, 40. Wastani 14.

Eti sawa! Nyumba moja ya siku 56 imeburuta wafugaji wote, na mkulima aliyengoja wiki mbili anaambiwa atulie.

Dawa ipo tangu 1952. Wamarekani wawili, William Kruskal na Allen Wallis, walisema: panga nyumba zote 15 kwenye foleni moja, aliyengoja kidogo mbele, aliyengoja sana nyuma. Mpe kila mmoja namba ya foleni, 1 hadi 15. Kisha rudisha namba kwa makundi na ujumlishe. Wafugaji 25, wavuvi 40, wakulima 55. Ile 56 sasa ni namba 15 tu, haiburuti mtu. Kumbe wakulima wako nyuma ya foleni!

Lakini wewe unayetaka kukimbia na hiyo 55 ukachochee watu, ngoja kwanza. Ukipiga hesabu yao yote unapata 4.5, na kwa makundi matatu ya nyumba tano tano unahitaji karibu 5.8 ndio useme tofauti hii si bahati tu. Haijafika. Hiyo haimaanishi walingoja sawa. Inamaanisha nyumba 15 ni chache, enda uhesabu zaidi. Na usihesabu ukoo mmoja mara tano, kila nyumba isimame yenyewe. Hata ukifika, hesabu inakuambia angalau kundi moja liko tofauti. Lipi, na kwa nini, hiyo ni kazi nyingine.

Mbona nakazana hivi? Kwa sababu huku kwetu mkulima na mfugaji mara nyingi ni Mpokomo na Morma. Agosti 2012, Riketa, zaidi ya watu 50 waliuawa katika shambulio moja. Ugomvi wa maji na malisho, na kila upande ukiamini mwenzake ndiye anayependelewa.

So ukipost wastani mtupu kuhusu Tana, mimi nitakuuliza hadharani: foleni iko wapi? Nyumba ngapi? Huna jibu, futa.