"Kompaili Upya" Si Jibu

Kuna jibu ambalo wanaprogramu hulitoa kama zahanati inavyogawa panadoli: kompaili upya. Maktaba ya programu imebadilika na programu yako ya zamani imekwama? Kompaili upya. Nimelisikia darasani, nimelisikia kwenye semina za uzamili, na kila mara najiuliza msemaji anadhani msimbo chanzo uko mikononi mwa nani.

Chukueni kisa cha memcpy. Ni funksheni ndogo ya lugha ya C, inayonakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine. Kanuni ya lugha inasema sehemu hizo zisipandane. Zikipandana, itumike memmove, ambayo huangalia kwanza ianzie upande gani. Kwa miaka mingi kwenye glibc, maktaba inayobeba karibu kila programu ya Linux, aliyeikiuka kanuni hiyo mara nyingi hakupatwa na lolote. Mwaka 2010 ikaingia memcpy mpya, ya kasi zaidi kwa prosesa za kisasa, ambayo wakati mwingine ilianza kunakili kutokea mwisho. Watumiaji wa Fedora 14 wakasikia sauti ya Flash inakwaruza. Adobe walikuwa wametumia memcpy mahali pa memmove.

Ubishi ukawaka. Wapo waliosema kosa ni la Adobe, kanuni iko wazi, basi. Ni kweli, kosa lilikuwa la Adobe. Lakini aliyekuwa akisikiliza muziki hakuandika Flash, hakuwa na msimbo wake, na asingeweza kukompaili chochote hata angetaka. Linus Torvalds alijitosa kwenye ubishi huo akashikilia kwamba mtumiaji hajali lawama ni ya nani. Simpendi sana kwa ukali wa ulimi wake, ila hapo nipo upande wake.

Kinachonikera zaidi ni kwamba dawa ilikuwepo tangu zamani. Glibc huweza kubeba matoleo mawili ya funksheni moja ndani ya faili moja, kila moja na lebo yake. Programu ikikompailiwa, huandikiwa lebo ya toleo ililolikuta siku hiyo, na huendelea kuliomba hilo hilo miaka yote. Ndivyo ilivyofanyika katika glibc 2.14, mwaka 2011: programu mpya za biti 64 zikapewa memcpy yenye lebo GLIBC_2.14, na zile za zamani, zinazoomba GLIBC_2.2.5, zikaelekezwa kimyakimya kwenye tabia ya memmove. Kasi ikabaki na sauti ikarudi, bila Adobe kuguswa.

Haikuwa bure. Ukikompaili programu kwenye mashine mpya, itadai GLIBC_2.14 na kugoma kwenye mashine ya zamani zaidi, na wengi wamelaani lebo hiyo usiku wa manane. Lakini huo ni mzigo wa mwenye msimbo na kompaila, na huyo ndiye anayestahili kuubeba.

Wengine watasema upatanifu ni kuabudu makosa. Wanachanganya mambo. Kurekebisha ndani ya funksheni ni jambo moja. Kuongeza kisehemu katikati ya struct ni jingine. Programu ya zamani imekaririshwa kwamba namba ya simu iko baiti ya 16. Ukiisogeza, haitalalamika, itasoma umri wa mtu na kuupiga simu. Ndiyo maana watunzaji waangalifu huacha nafasi tupu mwishoni mwa struct mapema, au huificha kabisa nyuma ya pointa. Hiyo ni kazi ya kuchosha, na sijaona tuzo inayotolewa kwa ajili yake.

Katika maabara ninayofanyia utafiti kuna kipimo cha udongo kinachoendeshwa na programu moja tu. Kampuni iliyoiandika ilishafunga milango. Hakuna msimbo, hakuna wa kumpigia, na kipimo kipya ni bei ya gari. Wanafunzi wanne tunasubiri foleni yake ili tumalize tasnifu. Kila mfumo unapotaka kusasishwa, fundi wa maabara huchomoa kwanza waya wa intaneti.